Jumatano ya Mwaka wa Tatu

Mume wangu ni muosha chupa. Sisemi kwa kumdharau. Mwenyewe ukimuuliza kazi yake atakujibu hivyohivyo, kisha acheke. Kwenye barua ya ajira wameandika msaidizi wa maabara, katika ile shule ya sekondari iliyo nyuma ya soko. Wanafunzi wanamwita Chujio, kwa kuwa hata maji ya kunawa mikono hayamridhishi mpaka ayachuje. Jina hilo nami nimelizoea, nalitumia hata nikiwa na hasira naye, na hasira mimi ninazo, sifichi.

Kwa miaka kumi na minne Chujio amekuwa akiingia maabara kabla ya mwalimu. Anapanga mirija, anapima tindikali, anaunga nyaya, anatafuta panzi wa kupasuliwa. Mwalimu akiingia, yeye anarudi chumba cha nyuma kusubiri vyombo vichafu. Chumba hicho kina kidirisha kinachotazama darasa, na kupitia hapo amesikia kila kipindi cha fizikia, kemia na biolojia kilichofundishwa katika shule ile. Anajua mwalimu gani atakosea wapi. Akirudi nyumbani anashika kichwa.

"Fundi, leo amewaambia watoto kwamba mmea unapumua usiku tu!"

"Sasa wewe inakuuma nini?"

"Wameandika kwa wino, Fundi! Kwa wino!"

Fundi ni mimi. Nashona nguo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nina cherehani moja, pasi mbili, na meza ya kukatia iliyojaza chumba kiasi kwamba mteja mnene lazima apite ubavu ubavu. Tuna watoto wawili, msichana wa miaka kumi na mmoja na mdogo wake. Ndio sisi, hatuna makubwa.

Mwaka juzi mwalimu mmoja hakutokea kwenye kipindi. Watoto arobaini walikaa na vifaa mbele yao, wakitazamana. Chujio alivumilia kwenye kidirisha chake dakika kumi, akashindwa. Akatoka, akachukua chaki, akafundisha. Anasema hajawahi kusikia darasa lile likiwa kimya namna ile. Kumbe mkuu wa shule alikuwa mlangoni. Akamwambia mbele ya watoto, "Wewe umeajiriwa kuosha, hukuajiriwa kusema."

Siku hiyo alirudi akakataa chakula. Mimi nilishavaa viatu nikampe yule mkuu vidonge vyake, Chujio akanishika mkono. "Acha, Fundi. Amesema kweli. Sina cheti." Nilivua viatu, lakini moyoni sikuvivua mpaka leo.

Basi akakitafuta hicho cheti. Akarudia mitihani aliyoikosa ujanani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwaka huu chuo kikuu kikamwandikia barua: amekubaliwa, shahada ya sayansi, ile pana, ambayo ndani yake mtu anaweza kusoma sayansi zaidi ya moja na kuambatanisha maandalizi ya ualimu. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Mkuu yuleyule, sijui dhamiri ilimsuta au vipi, akampa ruhusa ya masomo. Lakini ruhusa yenyewe ilikuwa na sharti moja: Chujio awe kwenye orodha ya wanaojiandaa kwa ualimu, arudi akiwa mwalimu. Asipokuwa kwenye orodha hiyo, hakuna ruhusa, anabaki na chupa zake. Orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Na kuingia kwenye orodha unatakiwa upeleke mpango wako wa miaka yote mitatu, kozi kwa kozi, siku kwa siku, ujaze fomu, mshauri wa masomo apige muhuri.

Mimi nilidhani kwenda chuo ni kama kwenda shule: unafika, unaambiwa kaa pale, soma hiki. Kumbe ukichukua shahada pana unajipangia mwenyewe. Wakampa kitabu cha mwongozo chenye kurasa mia moja na ushei. Ndani yake mna somo kuu, somo la pili, somo huru, kozi ya lazima, kozi ya hiari, na kozi ya hiari ambayo ni lazima. Nilimuuliza hiyo ya mwisho maana yake nini.

"Ni hiari," akasema, "lakini lazima uchague mojawapo."

"Basi ni lazima."

"Hapana, ni hiari."

"Chujio, usinichezee."

"Sikuchezei. Hata mimi sielewi."

Kwa wiki tatu nyumba yetu ilikuwa kozi tu. Kozi namba fulani huwezi kuisoma kabla ya namba fulani. Hesabu ya kwanza inatangulia fizikia ya pili, lakini hesabu yenyewe iko saa ileile na biolojia. Ukiihamisha biolojia inagonga saikolojia ya ujifunzaji, ambayo ni ya ualimu, na ya ualimu haihamishwi. Akishapanga mwaka wa kwanza unakaa vizuri, wa pili unakwenda upogo, wa tatu haukai kabisa. Anafuta, anaanza upya. Karatasi zilitoboka kwa kufutwa. Mtoto mdogo akawa akimwona baba yake ameketi na kifutio ananyata.

Shida yenyewe mimi niliiona mapema, nami nikaisema. Kitabu kilisema masomo ya kufundishia yasipungue mawili. Mtu mwenye akili zake angesoma pale akachagua mawili, akalala. Chujio alitaka matatu.

"Mshika mbili moja humponyoka," nilimwambia, "na wewe umeshika tatu."

"Sasa niache lipi?"

"Mimi najua? Acha lolote."

Akanitazama kama nimemwambia amwache mtoto mmoja sokoni. "Umeme niuache? Au chembe hai? Au kemia, Fundi, iliyotulisha miaka yote hii?" Akaendelea kufuta.

Ilipobaki wiki moja nikaona mume wangu ananipotea hivihivi. Chakula hali, haongei, asubuhi anatia chumvi kwenye chai. Shuleni nako mitihani ya vitendo ilikuwa imekaribia, na kwenye mitihani hiyo yeye ndiye uti wa mgongo. Jumapili mchana, alipokwenda shuleni kuhesabu vyombo, nikapiga moyo konde. Nikamwita binti yangu.

"Leta kile kitabu cha baba yako, na mkasi."

Sikukata kitabu chenyewe, sijafikia huko. Chujio alikuwa ametoa fotokopi ya ratiba zote kwenye karatasi kubwa. Nilichofanya ni kile ninachofanya kila siku. Mteja akiniletea kitambaa kifupi akataka gauni la mikono mirefu, mimi sikai kulia naye. Nakata mfano wa karatasi, kila kipande peke yake, mkono, mgongo, kola, navitandaza juu ya kitambaa na kuvigeuzageuza mpaka vyote vienee. Kitambaa kikitosha kwa shida ndipo unajua nani fundi na nani anajifanya.

Nikatandaza jora jeupe mezani, nikachora kwa chaki miaka mitatu, mihula sita, siku tano tano. Kisha nikazikata zile ratiba, kozi moja kipande kimoja. Nilikata safi, kandokando na chini, nikiacha maandishi makubwa tu. Vile vimaandishi vya chini, vidogo kama mayai ya chawa, vikaanguka sakafuni pamoja na vipande vya nguo, binti akafagia.

"Mama, hizi nyota za nini?" akaniuliza.

Kweli, baadhi ya vipande vilikuwa na kinyota pembeni. Vilikuwa vya maabara. Kila maabara ya mwaka wa tatu ina makundi mawili, mwanafunzi anachagua lake, na makundi ya Jumatano yote yalikuwa na nyota.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Katika kazi yangu, mfano wa karatasi una alama. Mimi pale mkono wa shati unapokutana na bega naweka nyota, nyota kwenye mkono, nyota kwenye bega. Maana yake ni moja tu: hapa na hapa huungana. Miaka ishirini naweka nyota, haijawahi kumaanisha kitu kingine.

"Hapo ndipo vinapoungana," nikamjibu mwanangu, bila hata kufikiri.

Na Jumatano ya mwaka wa tatu ilikuwa tupu! Siku nzima, nyeupe, kama kipande cha kitambaa ambacho mtu amekiacha kipotee. Nikajiuliza mume wangu alikuwa haoni? Nikachukua maabara ya kemia yenye nyota nikaiweka Jumatano asubuhi. Ya fizikia yenye nyota, Jumatano mchana. Ghafla Alhamisi ikafunguka, biolojia ikaingia, Jumanne ikapumua, na vitu vyote vikakaa. Masomo matatu na ualimu juu. Binti yangu akaanza kucheza.

Chujio aliporudi nikamsimamisha mbele ya meza. Aliangalia kipande kimoja kimoja. Akazunguka meza mara mbili.

"Yameenea yote?"

"Yote."

"Na ualimu?"

"Na ualimu, na saikolojia yako. Hata nafasi ya sindano haikubaki."

Mtu anayechuja maji ya kunawa mikono, siku hiyo hakuchuja. Alichoka, au alitaka sana iwe kweli, au aliniamini mno, sijui. Alinikumbatia mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi. Akanakili kila kitu kwenye fomu kwa mwandiko wake mzuri.

Mtihani wa kemia kwa vitendo ukaangukia Ijumaa ileile. Msaidizi wa maabara haruhusiwi kutoka mpaka watahiniwa wamalize, na simu zinakusanywa mlangoni. Chujio akaniandikia barua, akaigonga muhuri wa shule: mimi ni mke wake, nina idhini ya kuwasilisha fomu na kurekebisha chochote kitakachohitaji kurekebishwa. "Hakutakuwa na kitu," akasema. "Ni kupeleka tu."

Nilifika chuoni saa nne. Ukumbi ulikuwa mrefu, una mabenchi ya mbao kandokando na milango isiyoisha, na kila mlango una karatasi iliyobandikwa inayokuelekeza mlango mwingine. Nilipelekwa ghorofa ya pili, nikarudishwa ya kwanza, nikaambiwa hapa ni kwa waliopata muhuri, nikauliza muhuri unapatikana wapi, nikaambiwa hapa, ukishapata ule mwingine. Nilitaka kupiga mtu kibao. Vijana walipita wakinitazama shingoni. Nikajishika, kumbe nimetoka nyumbani na tepu ya kupimia.

Saa tano kasoro ndipo nikaupata mlango wenyewe, saa tano na robo nikaingia. Mshauri wa masomo alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, mezani pana muhuri, daftari la orodha, na kikombe cha chai kilichopoa.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwenye mtihani, mwalimu. Si kuufanya, kuuhudumia. Barua yake hii hapa."

Akaisoma mara mbili, akaiweka kando. Akaanza kuifuata fomu kwa ncha ya kalamu. Mwaka wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Mwaka wa pili, akaguna kwa kuridhika. "Masomo matatu ya kufundishia," akasema. "Na amepata yakaenea?"

"Yameenea kabisa," nikasema kwa maringo. Sikusema ni mimi. Nilisubiri aulize.

Kalamu ikasimama.

"Mama, Jumatano ya mwaka wa tatu mumeo atakuwa wapi?"

"Si pameandikwa hapo? Asubuhi maabara ya kemia, mchana fizikia."

"Na kule shuleni atakuwepo nani?"

"Shule gani?"

"Shule ya mazoezi. Wanaojiandaa kwa ualimu, mwaka wa tatu, Jumatano nzima wako shuleni wanafundisha. Ndiyo maana siku hiyo inaachwa wazi. Makundi ya Jumatano ni ya wasiochukua ualimu. Yamewekewa nyota, na chini ya ukurasa pameelezwa."

"Chini ya ukurasa wapi?"

Akageuza kitabu chake, akaweka kidole. Vilikuwepo. Vile vimaandishi vidogo, mstari mmoja na nusu. Nilivitazama na nikaona ufagio wa mwanangu ukivipeleka nje. Loo, kitumbua changu kiliingia mchanga mbele ya macho yangu, na aliyetia mchanga ni mimi.

"Basi tubadilishe," nikasema. "Tumpeleke makundi yasiyo na nyota."

Hakunifukuza, namshukuru. Alichukua penseli akajaribu. Kemia ya Alhamisi ikagonga biolojia. Biolojia ikihamia Jumanne inagonga fizikia. Na fizikia haina pengine ila Jumanne. Nilifuata penseli yake kwa macho, nikamwonyesha huku na kule, jaribu hapa, jaribu pale, yeye akijibu "hapana", "hapana", mpaka akaiweka chini.

"Mama, hili nimejaribu kwa wengi. Matatu na ualimu hayaenei. Achukue matatu bila ualimu, au mawili na ualimu. Ukitoa moja, lolote, mawili yanayobaki yanakaa."

"Bila ualimu haji kabisa. Hana ruhusa."

"Basi mawili. Aache lipi?"

Nikampigia Chujio. Simu imezimwa, bila shaka. Nikapiga ofisi ya shule, karani akaniambia chumba cha mtihani kimefungwa mpaka saa saba, hata mkuu haingii. Nikamwambia ni jambo la maisha ya mtu. Akasema pole sana, akakata.

"Orodha naifunga saa sita naipeleka juu," mshauri akasema. Hakusema kwa ubaya. "Asiyemo, hayumo. Barua yako inakuruhusu kurekebisha. Unaweza kuchagua."

"Mimi nichague? Mwalimu, mimi nashona nguo!"

"Anapenda lipi zaidi?"

"Yote."

"Haiwezekani apende yote sawasawa."

"Wewe humjui."

Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi na vijana kwenye benchi walianza kuguna. Mimi nimekaa pale na kalamu, akili zimeruka zote. Nilijaribu kufikiri kama yeye, nikashindwa, sijui hata kemia inaishia wapi fizikia ikaanzia. Nikajaribu kumkumbuka. Fizikia: siku mota ya cherehani ilipokufa, akaifungua yote mezani akawaeleza watoto umeme unavyozunguka, chakula kikapoa, na mota haikupona. Nikasema, siwezi kumtolea fizikia. Biolojia: maharage aliyoyaotesha dirishani kwenye chupa, watoto wakiamka wanakwenda kuyapima kabla ya kunawa uso. Siwezi. Kemia: ndiyo kazi yake, ndiyo sifa yake, walimu wazima wanamfuata kumuuliza vipimo. Huyo ukimtolea kemia umemwachia nini?

Na hapo hapo nikakumbuka kifua. Ana miaka miwili anakohoa. Kila zikija wiki za tindikali kikohozi kinarudi, vidole vinabanduka ngozi, nikimwambia aende hospitali ananiambia ni vumbi. Nikaona akiwa mwalimu wa kemia atabaki ndani ya ule mvuke mpaka astaafu, kama atafika kustaafu.

Nasema ukweli wangu. Sikumchagulia alichokipenda, wala nilichojua kingemfaa darasani. Nilichagua kwa woga wangu. Nilitaka mume wangu azeeke.

"Toa kemia," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina."

"Weka saini hapa."

Nikaweka saini. Muhuri ukapigwa saa sita kasoro dakika tisa, jina lake likaingia kwenye daftari, nikapewa nakala. Nilitoka ukumbini nikakaa kwenye ngazi. Kijana mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aendelee na safari yake.

Njia nzima nilitunga uongo. Nitasema chuo kimekataa matatu, wao ndio walioondoa. Nusu yake ni kweli, nusu nitaifunika. Nilipofika nyumbani nikaurudiarudia mbele ya cherehani mpaka ukakaa sawa.

Aliingia saa tisa, macho mekundu, shati linanuka tindikali. Hata hakunisalimia.

"Wamepokea?"

Uongo wote ukanikimbia. Nikampa nakala. Akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kingine.

"Kemia iko wapi?"

Nikamweleza. Nyota, mkasi, vimaandishi, ufagio, Jumatano. Nilieleza haraka nikitazama sakafu. Nikafika kwenye saa sita na mlango wazi na kalamu mkononi mwangu.

"Kwa hiyo aliyeondoa kemia ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe?" Sauti yake sikuwahi kuisikia vile. "Miaka kumi na minne, Fundi! Kipo kitu kimoja duniani ambacho watu wananiuliza mimi, kimoja, na wewe ukaenda ukakifuta? Kwa nini kemia? Nieleze. Ulitumia akili gani?"

"Kifua chako."

"Kifua changu kimefanya nini?"

"Unakohoa, Chujio! Unakohoa miaka miwili na mimi nahesabu! Nilitakiwa nifikirie masomo, sikuyafikiria. Nilikufikiria wewe. Nichukie, lakini uwe hai unichukie."

Nilianza kulia, jambo ambalo silipendi, nikajifuta kwa kitambaa cha mteja. Watoto walichungulia mlangoni wakarudi ndani. Chujio akavuta kigoda wanachokalia wateja, akakaa, ile karatasi magotini. Nilidhani anatafuta neno la kunimaliza.

"Vile vimaandishi nilivisoma wiki ya kwanza," akasema mwishowe. "Kila ukurasa ulikuwa na nyota, nilipoiona meza yako nikachanganya hii na ile. Siyo wewe peke yako."

Nikakikunja kile kitambaa cha mteja.

"Na ningekuwa mimi kwenye kiti kile..." Akatikisa kichwa. "Kalamu ningeishika, Fundi. Nisingeweza kufuta hata moja. Ningekaa pale mpaka saa sita ipite. Najijua."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kweli. Ningerudi hapa bila kitu, nikakwambia wamekataa." Akashusha pumzi. "Lakini usinichagulie tena."

"Sikuchagulii tena."

"Na hospitali nitakwenda, kabla hujajiandikia barua ya idhini ya kunipeleka."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Yeye alikuwa ameinamia ile nakala, kidole chake kilichobanduka kikiufuata mstari wa juu, pale walipoandika jina lake na chini yake wakaandika anakokwenda. Akausoma kwa sauti ya chini.

"Mwalimu wa fizikia na biolojia."

Akasema tena, polepole zaidi, kama mtu anayejaribisha kiatu. "Mwalimu wa fizikia na biolojia." Akaanza mara ya tatu, akafika kwenye mwalimu, mengine hayakutoka. Mabega yakaanza kumtetemeka.

Tangu nimeolewa naye sijawahi kumwona akilia, na mtu wa namna hiyo humkodolei macho. Nikatoka nje kuanua nguo. Zilikuwa bado mbichi, nikazianua hivyohivyo.